Kabla hujauacha ukurasa wa vitabu

Shosti wangu,

Habari za huko? Sie wazima, mama anakusalimia sana na anauliza unakuja lini.

Meseji yako nimeisoma yote, ile unayosema unataka uachane na ukurasa wa vitabu uhamie dawati la biashara kwa vile kuandika habari za vitabu hakuna mbele. Sijakujibu kwa simu makusudi, nilitaka nikuandikie kwa kirefu, maana nna habari ya mtu mmoja anaitwa Ion Trewin, Mwingereza, na kila nikimfikiria nakuona wewe.

Alizaliwa London 1943, baba yake J.C. Trewin alikua mhakiki wa tamthilia magazetini, kwa hiyo haya mambo aliyakuta nyumbani. Akaanzia gazeti la mkoani kule Plymouth, baadae The Times, na kuanzia 1972 hadi 1979 ndo alikua mhariri wao wa vitabu. Kazi yenyewe ni ileile yako shosti, vitabu vinaletwa mafurushi kwa mafurushi na nafasi ni finyu, uamue kipi kiingie, nani akihakiki, nani asipewe kabisa kwa sababu mwandishi ni rafiki yake.

Sasa 1974 wakampa uenyekiti wa majaji wa Booker, ile tuzo kubwa ya riwaya kule Uingereza. Majaji walikua watatu tu, yeye, A.S. Byatt na Elizabeth Jane Howard, na huyo Howard alikua mke wa Kingsley Amis, na riwaya ya Kingsley Amis imo kwenye orodha ya mwisho! Hebu fikiria ndo wewe mwenyekiti, mwenzio anampigania mumewe hapo mezani, unafanyaje? Mwishowe Amis hakupata, tuzo wakaigawa kwa watu wawili, Nadine Gordimer wa Afrika Kusini na Stanley Middleton, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya hapo. Mi naamini ile meza ilimfundisha kuliko chuo chochote.

Baadae akahamia kwenye uchapishaji, na kule Hodder & Stoughton ndo aliyesimamia Schindler's Ark ya Thomas Keneally iliyochukua Booker 1982. Yaani alikua ameijua tuzo kwa upande wa gazeti, kwa upande wa jaji, afu na kwa upande wa mchapishaji anayekaa roho juu kusubiri jina litajwe. Ndo maana 2006 Martyn Goff alipostaafu, baada ya kuiendesha Booker tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, Trewin akaichukua yeye.

Na hapa ndo nataka unisikilize. Mkurugenzi wa tuzo hapigi kura. Anashiriki kutafuta majaji, anahakikisha wanasoma, na wanasoma vitabu zaidi ya mia kwa miezi michache, anakaa nao chumbani wakibishana, anasikia kila kitu, anajua nani kaangushwa na kwa nini, na akitoka hapo mdomo wake umefungwa. Mtu amesoma maisha yake yote, ana maoni yake makali kabisa, halafu anayaweka pembeni ili wengine waamue kwa haki. Mi kazi hiyo naiheshimu sana.

Halafu kuna hili la 2010 nalipenda mno. Booker ilipobadili utaratibu 1971, ikaacha kutuza vitabu vya mwaka uliopita ikaanza kutuza vya mwaka huohuo, vitabu vingi vya 1970 vikaanguka katikati, havikushindana popote. Miaka arobaini baadae, Trewin akiwa mkurugenzi, wakavirudisha, wasomaji wakapiga kura, akashinda J.G. Farrell na riwaya yake Troubles, mwandishi mwenyewe alishafariki tangu 1979. Waandishi wale walidaiwa haki yao na tuzo ikalipa, kwangu hilo ni jambo kubwa.

Uamuzi wa kuwaruhusu Wamarekani nao washindanie Booker kuanzia 2014 sikuupenda na mpaka leo siupendi, Waafrika walikua na nafasi finyu tayari. Lakini tuache.

Trewin alifariki Aprili 2015, na aliyeshika nafasi yake ni nani? Gaby Wood, mwandishi wa habari vilevile, alikua mkuu wa vitabu Daily Telegraph. Mwaka uliofuata mmoja wa majaji akawa Abdulrazak Gurnah wetu wa Zanzibar, ambaye 1994 riwaya yake Paradise ilifika orodha ya mwisho ya Booker. Na 2016 hiyohiyo tuzo yao ya kimataifa, ya vitabu vilivyotafsiriwa, ikaanza kugawa pauni 50,000 nusu kwa nusu, mwandishi na mfasiri!

Na sisi tuzo tunazo. Ile ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell ilianzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngũgĩ, na 2015 upande wa ushairi akashinda Mohammed Ghassani, naye mwanahabari. Ila mshindi akishatangazwa, picha zikapigwa, wiki inayofuata kimya, kitabu hakuna anayekijadili kwa kina, na hao wachache wanaojua kukijadili ndo nyie, sasa wewe unataka kwenda kuandika bei za hisa. Kesho tukitaka watu wa kusimamia tuzo zetu, waliosoma kila kitu na wanaoheshimika kwa msimamo, tutawatoa wapi?

Barua ya kuomba uhamisho usiipeleke kwanza. Nitumie ule uhakiki wa Peponi, ile tafsiri ya Paradise, uliosema umekwama katikati, niusome wikiendi hii nikwambie. Na wasalimie watoto.

Wako akupendaye.