Kutibu Mzizi wa Jino: Kwa Nini Tunakuita Tena, na Kwa Nini Bei Iko Pale Ilipo

Lalamiko linalotufikia kuliko yote hapa kliniki kwetu Tabata ni hili: "Nilikuja jino linauma, mkalitoboa, mkaweka dawa, likapoa. Sasa mnanipigia simu nirudi nilipe tena, ya nini?" Juzi mteja mmoja aliliandika hadharani kwenye ukurasa wetu, akaongeza kwamba tunabuni awamu ili tule hela za watu. Tulimpigia, tukaongea naye vizuri, na ameridhia tueleze habari yake bila kumtaja jina. Tunajibu kwa kirefu kwa sababu si wa kwanza, na wengine wengi hunung'unika kimoyomoyo tu.

Tuanze na jino lenyewe. Ile sehemu nyeupe unayoiona kwenye kioo ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa haufui dafu kwake. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, na katikati kabisa kuna uwazi mdogo wenye mishipa ya damu na ya fahamu, unaoshuka hadi kwenye ncha ya mzizi. Wanaoharibu meno si wale wadudu tulioambiwa utotoni. Ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari iliyobaki kinywani na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa. Ndiyo maana mtu anayeshinda na chupa ya soda mezani, akinywa funda moja moja tangu asubuhi, anajiharibia kuliko aliyeimaliza kwa mkupuo mmoja wakati wa chakula. Kila funda ni mlo mpya kwa bakteria.

Tundu likiwa bado kwenye enameli, huumwi hata kidogo. Likifika kwenye dentini, maji baridi au kashata vinakuchoma, ukiacha kula maumivu nayo yanaacha. Hapo ndipo tungependa kila mtu aje: tunasafisha, tunaziba, saa moja haiishi umeondoka, na kwetu ni shilingi 60,000. Likishafika kwenye mshipa, maumivu hayasubiri tena kitu baridi. Yanakuja yenyewe, hasa usiku ukishajilaza, yanapanda mpaka sikioni, na ukinywa maji ya friji yanabaki yanapwita muda mrefu. Jino la hivyo ukiliziba juu juu unamfungia mgonjwa ugonjwa ndani. Wapo wanaotuambia, "Wewe ziba tu daktari, habari za mzizi sitaki." Tunawakatalia, na tutaendelea kuwakatalia hata wakisusa na kwenda kwingine.

Inayofuata ndiyo hatua inayodanganya watu. Siku moja maumivu yanakata yenyewe. Mtu anamshukuru Mungu, anasahau. Kilichotokea ni kwamba mshipa umekufa, hakuna tena cha kupeleka taarifa ya maumivu. Bakteria wao hawajaenda popote. Wanashuka taratibu mpaka nje ya ncha ya mzizi, wanaingia kwenye mfupa wa taya, na huko ndiko usaha unakojikusanya. Ukiona kipele kwenye fizi kinachotumbuka na kurudi palepale, huo ni usaha umejitafutia njia ya kutokea.

Kwenye hatua hii duka la dawa ndilo linalopata wateja. Mtu anaomba "dawa ya jino", anapewa amoksilini, metronidazo na diklofenaki, mara nyingi vidonge vichache kwa kadiri ya hela iliyoko mfukoni. Dawa husafiri kwa damu. Jino lililokufa ndani halina damu. Kwa hiyo uvimbe wa pembeni utashuka, lakini bakteria waliojificha ndani ya mfereji wa mzizi dawa haiwafikii, na dozi ikiisha (au ikiachwa katikati, ambayo ni mbaya zaidi) wanaanza upya.

Kijana mmoja wa bodaboda aliishi na vidonge hivyo kwa miezi. Likianza tu, ananunua. Siku aliyoletwa kwetu jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, shavu linang'aa, na homa juu. Tulifungua jino, usaha ukatoka kwa nguvu mpaka akapumua kwa sauti, kisha tukampeleka hospitali kubwa akachomwe dawa za mshipani. Ukijumlisha vidonge alivyonunua na siku ambazo pikipiki ililala nyumbani, alishapita bei ya kutibu mzizi. Na hapa tunaomba msomaji atusikilize sana: uvimbe ukishuka chini ya kidevu, mdomo ukagoma kufunguka, au kumeza mate kukawa shida, usisubiri kufunguliwa kwa kliniki yoyote ya meno. Nenda hospitali yenye dharura usiku huohuo. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Karafuu hatuigombi. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo kweli inatuliza jino, na sisi wenyewe simenti moja ya muda tunaichanganya kwa unga wa oksaidi ya zinki na yujenoli hiyohiyo. Ile harufu inayokupokea mlangoni ndiyo yenyewe. Inakusogeza mpaka asubuhi, basi. Ila aspirini iliyosagwa ukaibandika kwenye fizi ni asidi, inaunguza. Tunaowaona na kidonda cheupe kilichobabuka kando ya jino wamekuja na maumivu mawili badala ya moja.

Sasa kazi yenyewe, ili ujue hela yako inakwenda wapi. Kwanza picha ya jino, tuone mizizi imekaaje na usaha umefika wapi. Kisha ganzi. Kisha tunalivalisha jino kipande cha mpira chenye tundu, libaki peke yake, mate yasiingie na dawa isikumwagikie kooni. Tunalifungua juu, tunatoa mshipa uliooza, halafu zinaingia faili, visindano vyembamba vyenye meno, moja baada ya nyingine kuanzia nyembamba kabisa, kukwangua kuta za mfereji hadi karibu na ncha ya mzizi. Ukizidisha unatoboka nje, ukipunguza unaacha uchafu. Kwa hiyo tunapima urefu wa kila mfereji, tunauandika, na kila baada ya faili tunaosha kwa dawa ya jamii ya klorini. Mwisho wa awamu ya kwanza tunaacha ndani dawa ya kalsiamu na kuziba juu kwa kiziba cha muda. Ukirudi hali imetulia, tunakausha mifereji na kuijaza gutapacha, aina ya mpira utokanao na utomvu wa mti, tunapiga picha nyingine kuhakikisha umejaa, ndipo tunaziba moja kwa moja. Jino la mbele ambalo halina usaha tunaweza kulimaliza kwa kikao kimoja, na tukiweza hatukuiti tena.

Gego ndilo linalotukalisha. La chini kwa kawaida lina mifereji mitatu au minne. La kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi kuna mfereji wa nne uliojificha, mwembamba kama unywele, na anayefanya haraka haraka anaupita. Jino linazibwa vizuri, picha inapendeza, baada ya muda linauma tena na mgonjwa anaapa kwamba kutibu mzizi ni utapeli. Tumefungua upya magego kadhaa yaliyofanyiwa kwingine, na hadithi ilikuwa hiyohiyo. Ule muda unaokaa mdomo wazi ukiona daktari haongei, anautafuta huo wa nne.

Turudi kwa mteja wetu. Awamu ya kwanza ilimpoza, akaona ameshapona, hakurudi. Kiziba cha muda ni cha wiki chache tu. Kikaanza kulika, mate yakapenya, bakteria wakarudi ndani ya nyumba tuliyokwisha kuisafisha. Na jino lililochimbwa katikati lina kuta nyembamba, ndiyo sababu gego likimalizwa tunashauri livikwe kofia, yaani ganda gumu linalolifunika lote juu. Miezi ikapita. Jioni moja akiwa kituoni anatafuna hindi la kuchoma, akasikia "ka!" Ufa ulishuka mpaka kwenye mzizi. Jino la namna hiyo halina matibabu zaidi ya kung'olewa, na tukaling'oa. Alidai hela ya awamu ya kwanza. Hatukurudisha, kwa sababu kazi ile ilifanyika na vifaa vikatumika, na kwenye kadi yake tarehe ya kurudi iliandikwa kwa wino.

Bei zetu hatuzifichi. Kung'oa ni 40,000. Kutibu mzizi jino la mbele ni 150,000, gego ni 250,000, kofia inahesabiwa peke yake. Tunajua ni hela nyingi kwa mtu wa kawaida. Lakini faili zinachakaa, na faili iliyochoka hukatikia ndani ya mzizi, kwa hiyo tunazitupa kabla hazijafika huko. Gutapacha, ganzi, filamu, vyote vinatoka nje ya nchi. Vifaa vya kila mgonjwa vinapita kwenye mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa robo saa au zaidi, na umeme ukikatika tunawasha jenereta. Kuna mahali utatibiwa mzizi kwa nusu ya hapo. Waulize wanapiga picha ngapi.

"Basi ng'oa tu" ndilo jibu la wengi wakisikia bei. Kung'oa kuna mahali pake, kama tulivyosema kuhusu ufa. Lakini gego zima likitoka, la jirani linalalia pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na kutafuna kunahamia upande mmoja. Baadaye mtu anataka jino la bandia, na daraja (jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani) au jino la kupandikiza kwenye mfupa ni ghali kuliko kutibu mzizi. Mama mmoja kutoka Buguruni alikwepa gharama hiyo akabandikiwa jino na fundi wa mtaani, plastiki iliyogandishwa juu ya meno mazima ya jirani. Chakula kikawa kinakwama chini yake. Alipotufikia meno yote mawili ya jirani, yaliyokuwa mazima, yalikuwa yameoza, na fizi inatoa damu ukiigusa.

Wazazi nao tuna neno nao. "Hilo la utoto daktari, litatoka tu." Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto, na haling'oki jino lolote kulipisha. Mzazi hajui kama limeota. Linatoboka akidhani la utoto, na hilo halina la kulirithi.

Kabla hatujagusa jino tunakuandikia kwenye kadi jumla ya gharama yote na idadi ya awamu, na unalipa kwa awamu. Mwenye bima tunaangalia kwanza inafunika nini. Njoo umekula. Tuambie kama una presha, sukari, ujauzito au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Tarehe ikigongana na mshahara au safari, piga simu tuisogeze, hakuna faini. Kiziba cha muda kikitoka kabla ya siku yako, njoo siku hiyohiyo, tunakirudishia bure.