Viti vya ngozi vya rangi ya krimu na jua la Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme jambo kuhusu viti vya ngozi vya rangi ya krimu, maziwa na kijivu hafifu, ambavyo siku hizi vimekuwa vingi katika magari yanayoletwa hapa Dodoma kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa kushona siti, na tangu ofisi za Serikali zilipoanza kuhamia huku kazi yangu imebadilika. Zamani niliitwa zaidi kushonea daladala vitambaa vilivyochanika, lakini sasa naletewa magari ya watu binafsi ambayo injini zake bado ni nzima ilhali viti vyake vimekauka, vimeingia manjano na kuachia kwenye mishono. Wengi wa wenye magari hayo ni watunzaji wazuri. Tatizo ni kwamba wanavitunza kwa njia inayovimaliza, na mara nyingi anayewashauri ndiye anayewauzia dawa.

Ukipeleka gari kuoshwa karibu popote mjini, kijana akishamaliza nje na ndani atachukua chupa ya dawa ya kung'arishia dashibodi, ataimimina kwenye sponji na kuipitisha kwenye viti hadi ving'ae. Mwenye gari hufurahi, pengine akatoa na bahashishi. Dawa nyingi za aina hiyo ni mafuta ya silikoni. Ngozi ya kiti cha gari, tofauti na ile ya mkanda au ya kiatu, kwa kawaida imepakwa rangi kiwandani na kufunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki, kwa hiyo mafuta hayapenyi ndani kwa kiasi cha maana. Yanabaki juu, yakishika vumbi. Vumbi letu nalo ni mchanga mwekundu laini sana, na linapochanganyika na mafuta, kila mara dereva anapoingia na kushuka husugua rangi ya kiti kama msasa. Ndiyo maana ubavu wa siti ya dereva, upande wa mlango, huchubuka kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kiti kizuri cha ngozi hakitakiwi kung'aa. Kinachong'aa kimeshika jasho na uchafu, au kimepakwa kitu.

Tuje kwenye jua lenyewe. Wateja waliohamia kutoka Dar es Salaam huona ajabu kwamba viti vilivyokuwa vizuri kule vinachakaa haraka huku, wakati joto la Pwani linajulikana. Joto la hewa ni jambo moja na ukali wa mwanga ni jambo jingine. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho lakini inayopausha rangi na kukausha plastiki, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Hewa yetu ni kavu, na kuanzia Mei hadi Novemba mawingu ya mvua ni ya kutafuta. Isitoshe, kwa kuwa tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, jua hutupita utosini mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, wakati ambapo hata miti mingi ya porini haina majani. Pwani viti vya ngozi husumbuliwa zaidi na ukungu wa unyevu. Huku vinasumbuliwa na mwanga.

Anayetaka kuiona kazi ya mwanga huo achomoe kiegemeo cha kichwa cha siti ya nyuma kwenye gari lililokaa huku miaka kadhaa. Chini yake atakuta kipande kidogo chenye rangi ile ile ya kiwandani, kimezungukwa na ngozi iliyopauka na kuwa ya manjano. Kisha apitishe ukucha kwenye mshono wa juu wa siti hiyo, upande wa kioo. Uzi hukatika vipande vipande bila hata kuvutwa, ilhali uzi wa mshono wa chini, uliofichika, bado una nguvu zake zote. Magari mengi ninayoletewa kwa madai kwamba ngozi imepasuka, ngozi yenyewe bado inafaa. Ni uzi ulioliwa na jua, na kushona upya ni nafuu kuliko kubadilisha siti nzima.

Dawa ya jua basi ianzie kwenye vioo. Kioo cha mbele kimeundwa kwa vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Vioo vya pembeni na cha nyuma katika magari mengi ni vya tabaka moja, na hupitisha sehemu isiyo ndogo ya mionzi hiyo. Kwa hiyo lile pazia la kung'aa ambalo machinga wanatuuzia kwa ajili ya kioo cha mbele ni zuri, linapunguza joto na kulinda dashibodi, lakini viti vinashambuliwa zaidi kutoka ubavuni na nyuma, ambako watu hawaweki chochote. Giza la kioo nalo lisimdanganye mtu. Kuna filamu angavu kabisa, ambayo huioni ikishabandikwa, inayozuia hadi asilimia 99 ya urujuanimno, na kuna filamu nyeusi za bei ya chini ambazo baada ya muda hugeuka zambarau, ishara kwamba rangi yake yenyewe imeshindwa na jua. Unaponunua, uliza kiwango cha kuzuia urujuanimno kabla ya kuuliza weusi. Ambaye hana fedha ya filamu anaweza kutandika shuka jeupe la pamba juu ya siti ya nyuma anapoegesha gari kutwa nzima, na akigeuza gari siku moja moja ili upande ule ule usielekee magharibi kila alasiri, atakuwa amesaidia pia. Kuacha vioo wazi kidogo hakupunguzi joto la ndani kwa kiasi cha maana.

Nimesema shuka jeupe kwa makusudi. Mteja mmoja alitandika khanga mpya, ambayo haijawahi kufuliwa, kwenye siti ya krimu ili kuilinda, akasafiri hadi Singida mchana wa jua kali. Jasho na joto vikafanya kazi yao, na gari lilipofika kwangu ule ujumbe wa khanga ulikuwa umejichapa kwenye kiti kinyumenyume, herufi kwa herufi. Jinzi mpya hufanya vivyo hivyo taratibu, na doa lake la bluu huonekana kwanza pale mapaja yanapogusa. Rangi ya namna hiyo ikishaingia kwenye tabaka la juu haitoki kwa kusugua. Inabidi kiti kipakwe rangi upya. Ubuyu wenye rangi nyekundu, ambao watoto hula kisha wakafuta vidole popote, na maji ya zabibu zetu nyekundu wakati wa mavuno, vyote vinafutika ukiviwahi siku ile ile kwa kitambaa chenye unyevu. Vikilala juani, imekuwa kazi yangu.

Usafi wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwanza vumbi litolewe likiwa kavu, kwa mashine ya kufyonza au brashi laini, hasa kwenye mikunjo na mishono, kwa sababu ukianza na maji unatengeneza tope na kulisugulia kwenye rangi. Kisha tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji isiyo kali, povu tu na si maji ya kutiririka, halafu ufute na kukausha kwa kitambaa safi. Sabuni ya unga ina magadi makali, na ngozi kwa asili yake ina uasidi kidogo, hivyo haziendani. Petroli, tina ya kuyeyushia rangi na vitakasa mikono huyeyusha tabaka la juu papo hapo, ingawa mwanzoni doa linaonekana kutoka. Na ile nailoni ya kiwandani ambayo wengine huiacha kwenye viti kwa miaka ili gari lionekane jipya, naomba itolewe, maana hufungia joto na jasho humo humo.

Wapo wanaoniomba nivipake viti vyao rangi nyeusi ili kumaliza usumbufu. Huwa nawashauri wasifanye hivyo. Kiti cheusi hunyonya joto zaidi, na mwenye kaptula atalijua hilo saa nane mchana.

Kwa wanaopanga maegesho ya ofisi na masoko mapya ya jiji letu, ombi langu ni kwamba miti ya kivuli ipandwe kati ya safu za magari tangu mwanzo, badala ya kuzungushiwa ukutani tu kama pambo. Mwarobaini unastahimili ukame wetu vizuri, japo matunda yake na kinyesi cha ndege vitamlazimu mtu kuosha paa la gari mara kwa mara, na hiyo ni gharama ndogo kuliko siti.

Ambaye viti vyake vimeshaanza kupasuka, kabla ya kununua chochote, amwulize fundi kama ngozi ni halisi. Katika magari mengi ni sehemu ya kukalia na kuegemea tu iliyo ngozi, na pembeni pamoja na nyuma ni plastiki. Ngozi ya kweli hujazwa ufa na kupakwa rangi ikakaa vizuri, lakini plastiki iliyokauka huvunjika tena pembeni mwa kiraka, na kwa hiyo huwa napendekeza kipande hicho kikatwe na kushonwa kingine.

Wako,
Fundi wa siti,
Chang'ombe, Dodoma