Kwa Mama Baraka, kuhusu kazi ya kujitolea

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Sisi hatujambo, na mgongo wa Baba Neema umetulia. Ujumbe wako niliupata. Nimefurahi mno kwamba umestaafu juzi tu na tayari unatafuta pa kujitolea. Uliniuliza ni wapi hapa Nairobi kuna shida zaidi ukasaidie. Mwenzangu, shida zimejaa kila mtaa. Mimi ningeanza na wewe mwenyewe: unajua kufanya nini, una muda gani, na ni wapi unaweza kufika kila wiki bila nauli kukulemea.

Nasema hivi kwa sababu, katika kuwaunganisha watu na vikundi, nimeona wengi wenye moyo safi wakiachia njiani, wala si kwa uvivu. Kuna kijana wa huku kwetu, mpole, maneno machache. Alipelekwa kituo kimoja awachezeshe watoto Jumamosi. Kelele zikamshinda, baada ya wiki chache akapotea, na watu wakasema vijana wa siku hizi hawana utu. Nilipoketi naye nikamuuliza akiwa nyumbani anapenda kufanya nini, akaniambia mimea. Sasa yuko kwenye kitalu cha miche cha kikundi kimoja kando ya mto. Ungemwona anavyoinama juu ya viriba! Anaingiza kidole kwenye udongo aone kama chini kuna unyevu ndipo amwagie maji, na magugu anayang'oa moja moja, taratibu, asije akagusa mzizi wa mche. Jumamosi zote yupo. Kijana ni yule yule.

Sasa wewe umekuwa mhasibu maisha yako yote. Nikikuita kuokota taka utakuja, nakujua, lakini mikono ya kuokota taka tunaipata. Mtu adimu ni yule wa kukaa na akina mama wa chama, daftari likiwa wazi mezani, awaonyeshe jinsi michango iliyoingia na mikopo iliyotoka inavyopaswa kulingana na pesa zilizo kwenye sanduku. Vikundi huvunjika, marafiki wa miaka wakaacha kusalimiana, na hakuna aliyeiba. Ni mahesabu tu hayasomeki.

Kama hesabu zimekuchosha, sema. Kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan pale mjini. McMillan ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Ndiyo maana nikimwona mtoto wa Eastlands amezama kitabuni moyo wangu hujaa. Kuna Karura pia, msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, ikiwa unataka kazi ya miti. Msalaba Mwekundu nawaheshimu sana. Mafuriko ya 2024 yalipoingia Mathare, watu wao wa kujitolea walikuwa humo majini. Lakini kwa magoti yako, dada, hapo labda huduma ya kwanza au kazi ya ofisini.

Ukichagua mahali pa watoto, usikasirike wakikudai cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mahali pasipouliza chochote ndipo panaponitia wasiwasi.

Na tafadhali usingoje tarehe 5 Desemba. Siku hiyo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya wanaojitolea, na ni jambo jema, ila nimeona makao ya watoto yakijaa wageni, sukari na picha mwezi huo, kisha Januari hakuna hata mmoja wa kumsaidia mtoto kufunika vitabu vya shule.

Niandikie ni siku gani uko huru kweli, ukishaondoa zamu yako ya kumlea mjukuu. Niambie pia kama ungependa kukaa na watu au kufanya kazi peke yako. Sema ukweli wako, usinifurahishe mimi. Kuna chama kimoja hapa Umoja hukutana Jumatano alasiri, na mwenyekiti wao amekubali uje ukae usikilize tu kabla ya kuahidi lolote. Ukikubali, shuka stejini saa nane, tutaingia pamoja.

Wako akupendaye,
Mama Neema