Usaili wa benki huku mpakani uulize na Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nitoe la moyoni. Juzi niliitwa intavyu ya ukeshia kwenye benki moja huku upande wa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikafika mapema, vyeti kwenye bahasha, tukaambiwa tusubiri kwenye viti vya wateja mpaka tuitwe.

Sasa nikiwa nimekaa pale akaingia mama mfanyabiashara kutoka Kasindi, ng'ambo ya Kongo, pesa kaifunga ndani ya kitenge, anataka kumwekea tajiri wake wa Kampala. Fomu yenyewe Kiingereza kitupu, akaandika jina lake pale panapotakiwa la mwenye akaunti, ikarudishwa, akajaza nyingine ikarudishwa tena. Alafu keshia, kijana mstaarabu kabisa ila Kiswahili chake cha kuokoteza, akamuuliza, "Wewe, pesa hii umetoa wapi?" Weee! Mama alipaza sauti watu wote tukageuka, "Unaniita muizi?" na hapo ameshaanza kukusanya mabunda yake aondoke.

Keshia hakukosea kuuliza, tangu sheria ya utakatishaji fedha ya 2013 benki lazima zijue pesa nyingi inatoka wapi, ila kuna namna ya kumuuliza mtu. Nikainuka nikamwambia, "Pole mama, hakuna anayesema umeiba, kila anayeweka pesa nyingi huulizwa anafanya biashara gani, hata mimi ningeulizwa." Akatulia. "Ni franga za vitenge tu," akasema. Nikamwonyesha kwa kidole jina la nani liende wapi, akaandika mwenyewe, akahudumiwa, haikufika dakika tano.

Kuingia ndani nikakuta watu watatu na maswali yao. Jieleze, miaka mitano ijayo utakuwa wapi, tuuzie hii kalamu. Yote Kiingereza, nikajibu vizuri tu maana nimekisoma. Walipouliza kama nina la kuongeza nikataja Kiswahili na habari ya yule mama, mmoja wao akaniambia kwa upole kwamba hilo halina maksi kwenye fomu yao.

Hapo ndipo paliponiuma. Katiba yetu imekitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, Kongo wenyewe wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na mteja anayepanga foleni hapa ni wa Kasindi, wa Beni, au dereva wa lori ametoka na mzigo Mombasa, sasa huyo keshia kwa nini mnampima kwa lugha ambayo mteja haijui? Kiingereza kibaki, ripoti zinaandikwa nacho, sina ugomvi. Ila mtu anayekaa dirishani kutwa nzima anahesabu pesa za watu, kazi yake nusu ni noti na nusu ni mdomo.

Mpaka leo sijapigiwa simu na sio hiyo iliyonifanya niandike, aliyepata huenda ananizidi. Ninachoomba mameneja wa benki za mpakani, Mpondwe, Bunagana, Busia, Malaba na Mutukula, usaili ujao mmoja wenu ajifanye mteja aliyekasirika, aje na Kiswahili chake na fomu aliyoikosea, muone mwombaji atamwambia nini. Na hizo fomu jamani, wekeni Kiswahili chini ya kila mstari, karatasi ni ileile.

Msomaji wako,
Bwera, Kasese