Sumu ya kwenye msasa

Mhariri,

Kila mnapoandika habari za uchafuzi wa mazingira, picha huwa ile ile: bomba la kiwanda likitapika maji meusi mtoni. Sawa, na liandikwe. Lakini mimi ni fundi rangi niliyestaafu, na sumu niliyofanya nayo kazi haikuwa na harufu wala haikuhitaji mto. Ilikuwa kwenye vumbi la msasa.

Dirisha kuukuu hukwanguliwa kabla halijapakwa upya. Sisi tulikwangua rangi ikiwa kavu, bila barakoa, huku tunapiga soga. Ikifika jioni vumbi jembamba kama unga limetanda kwenye kingo za dirisha na limejaa nyweleni, na kwa nguo zile zile unarudi nyumbani na kumpakata mtoto. Hakuna aliyetuambia kwamba rangi ya mafuta, hasa ya manjano na nyekundu kali, mara nyingi ilitiwa madini ya risasi ili ikolee na ikauke upesi.

Risasi haiozi. Ikishaingia mwilini, mifupa huipokea kama kalsiamu na kuihifadhi kwa miongo. Mtoto mdogo, ambaye kila anachookota hukitia mdomoni, huweza kufyonza mara nne au tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza akimeza kiasi hicho hicho, na ubongo wake unaokua ndio unaoumia. Wala haumwi siku hiyo. Ataitwa mzito wa kuelewa akifika darasani, na nani atakumbuka dirisha? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kinachoniudhi ni kwamba haya si mageni. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo ulipitishwa mwaka 1921, tena kwa ajili ya mafundi kama sisi. Mwaka huo huo iligunduliwa kwamba petroli ikitiwa risasi injini haigongi, na petroli hiyo ilikoma kuuzwa kwa magari duniani mwaka 2021. Miaka 100! Rangi yenyewe bado inatengenezwa, na nchi nyingi hazina sheria ya kuizuia.

Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Watengenezaji walazimishwe kuandika kiwango hicho juu ya kopo, mahali fundi anapoweza kukisoma, kisibaki kwenye makaratasi ya kiwandani.

Kwa mafundi wenzangu: lowesha kwanza ndipo ukwangue. Tandika nailoni chini, usifagie makavu, futa kwa tambara bichi, na badilisha nguo kabla ya kuingia kwako. Mbao zenye rangi kuukuu nazo zisigeuzwe kuni. Risasi ile ile itatoka na moshi, na nyingine itabaki jivuni.

Fundi rangi mstaafu