Jumamosi: safari ya Jacob's Pillow

Habari za jioni wapendwa. Tiketi za kundi la dansi la Trisha Brown, kwenye tamasha la dansi la Jacob's Pillow, zimepatikana!

1. Tukutane Springfield, maegesho ya maktaba, saa 8 mchana. Becket, mji ilipo Jacob's Pillow, ni mbali kidogo, tusichelewe.
2. Mchango wa mafuta dola 15 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku.
3. Bebeni sweta na dawa ya mbu, kule ni msituni.

Mnaouliza itakuwaje: msitegemee hadithi. Trisha Brown, mama aliyeanzisha kundi hili, mwaka 1970 alimteremsha mtu akitembea ukutani mwa ghorofa, akasema ndiyo dansi. Mimi nimeshanogewa.

Tafadhali jibuni "NAKUJA" na idadi ya viti kabla ya kesho jioni, watoto pia wahesabiwe. Shangazi wa sambusa, tukutegemee?