Wakutubi watu wazima wasome mtandaoni, lakini vitendo viletwe Mbeya na Iringa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nichangie mjadala wa namna ya kuwafundisha ukutubi watu wazima ambao tayari wako kazini. Wapo wanaotaka masomo yote yahamie mtandaoni, na wapo wanaoshikilia kwamba mkutubi hafundishwi ila darasani. Mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Tukuyu, niliyekabidhiwa funguo za maktaba ya shule miaka kadhaa kabla ya kufundishwa lolote kuhusu maktaba, na hatimaye nikasoma kozi ya cheti kwa njia ya mtandao katika umri ambao wenzangu wameshaanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Mtandao una haki yake, nami siwezi kuubeza. Chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba kipo Bagamoyo, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Mtu mwenye vipindi, shamba la migomba na watoto wanaosubiri ada hawezi kufunga virago akahamia pwani kwa mwaka mzima, hata kama mkuu wake wa shule angekuwa na moyo wa kumruhusu. Katika masomo ya historia ya maktaba, maadili ya kazi, hata matumizi ya Koha, programu ya kuendeshea kazi za maktaba, ambayo makao yake ni kwenye kompyuta, sikuona nilichopungukiwa kwa kusomea nyumbani, ukiacha zile jioni ambazo umeme ulikatika, au bando lilikwisha mhadhiri akiwa katikati ya sentensi.

Nilipopungukiwa ni katika uainishaji, yaani kuvipanga vitabu kwa mada zake. Tulifundishwa mfumo wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake na ambao umekuwapo tangu mwaka 1876, kwa slaidi nzuri zenye rangi, na mtihani nikaufaulu. Shuleni kwetu kulikuwa na kitabu cha msaada kuhusu kahawa, zao ambalo wanafunzi wetu wengi wanalijua tangu utotoni. Nilikitaja kwa jina lake darasani mtandaoni, na sote kwa kauli moja tukakipa 633.73, namba ya kilimo cha kahawa. Nikaandika lebo, nikaibandika mgongoni mwa kitabu, nikakiweka rafuni pamoja na vitabu vya mahindi na chai.

Miezi kadhaa baadaye alitutembelea mama mmoja, mkutubi mstaafu. Alikitoa kitabu kile rafuni na, bila kulishughulikia jalada, akaenda moja kwa moja kwenye yaliyomo, akapitia dibaji, kisha akafungua sura mbili za katikati na kuzipekua kwa kidole gumba. Haikuchukua hata dakika mbili. Akaniambia, "Mwalimu, hiki si kitabu cha shamba, ni kitabu cha soko." Kweli, sura moja tu ndiyo iliyohusu miche na kupogoa; zilizobaki zote zilikuwa za bei, minada na vyama vya ushirika, na mahali pake palikuwa 338, kwenye uchumi wa uzalishaji. Atakuwapo wa kusema kwamba ningeweza kupiga picha ukurasa wa yaliyomo nikamtumia mhadhiri. Ningeweza, lakini sikujua kwamba hilo ndilo la kufanya, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu akilifanya.

Hali ni hiyo hiyo kwa utunzaji wa vitabu, jambo ambalo huku kwetu Rungwe, penye mvua karibu mwaka mzima, si la pembeni hata kidogo. Bati lilipovuja nilivianika vitabu juani kama mahindi, na majalada yakajikunja yasinyooke tena. Nilipaswa kuvisimamisha kivulini penye hewa, kurasa zikiwa zimeachanishwa. Vilivyochanika niliviziba kwa selotepu, ambayo sasa imegeuka manjano na kuacha madoa. Yote mawili yaliandikwa katika maelezo ya kozi, nami niliyasoma, lakini mikono yangu haikuwa imeyazoea.

Hoja yangu basi ni kwamba nadharia ibaki mtandaoni, na masomo ya vitendo yafuate watu waliko. Maktaba za mikoa zipo Mbeya na Iringa, zina rafu, katalogi, vitabu vilivyochakaa na, zaidi ya yote, wakutubi wenye uzoefu. Wiki mbili za likizo ya Juni zingetosha kumkalisha mwanafunzi mbele ya rundo la vitabu visivyo na namba, akakosea na kusahihishwa papo hapo. Mwezi huo ni wa baridi kali, lakini walau mvua huwa zimepungua.

Wala hili si jambo geni nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipeleka masomo kwa redio, lakini watu waliyasikiliza wakiwa katika vikundi, wakiwa na kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, nacho kina vituo mikoani, ingawa wanafunzi wake husoma wakiwa mbali.

Najua litaulizwa swali la nani agharamie, na kama wakutubi wa mikoa, ambao wana wasomaji wao wa kuwahudumia kila siku, waongezewe mzigo huu bila posho. Sidhani kama ni haki kuwaongezea bila malipo, na vyuo vinavyotoza ada ya kozi nzima vingeweza kutenga sehemu ya ada hiyo kwa ajili yao. Nauli tuachiwe sisi wanafunzi. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, mtu akipanda gari la alfajiri, anawahi maktaba ikifunguliwa, na jioni analala kwake.

Mwalimu wa maktaba,
Tukuyu, Mbeya